Wati Si Shilingi

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi vya kujisaidia, Matasia)

 

Hebu tazameni vilima vya Ngong hapo juu. Vinu viwili vya kwanza vya upepo vilisimamishwa huko mwaka 1993. Vile vilivyojengwa tangu 2009 ni 30, na kila kimoja ni cha kilowati 850. Jumla ni kilowati 25,500. Je, hizo ni pesa ngapi? Hakuna awezaye kujibu kabla hajauliza: vimezunguka kwa muda gani? Siku upepo umelala, hiyo 25,500 ni namba tu iliyoandikwa.

Jambo hili nusura litutie hasarani sisi wenyewe. Mwaka 2023 kikundi chetu kilitaka sola ya kuendesha pampu ya kisima. Muuzaji mmoja akaja na hesabu nzuri sana. Paneli 10 za wati 300, akasema, ni kilowati 3. Zidisha kwa saa 24, upate uniti 72 kwa siku. Kila uniti ni shilingi 25, basi ni 1,800 kwa siku, 54,000 kwa mwezi! Mkopo wa 200,000 utaisha kabla ya miezi minne. Tulipiga makofi. Wanachama wawili walikuwa tayari kuweka hati za mashamba yao kama dhamana.

Mama mmoja wetu, anayefuga kuku, akauliza: "Kwani jua la Matasia huwaka usiku?"

Tukakaa chini tuhesabu upya. Uniti moja ni kilowati moja iliyofanya kazi kwa saa moja. Jua huchomoza asubuhi, lakini asubuhi na jioni ni dhaifu. Ukijumlisha yote, siku moja huku kwetu ni kama saa 5 za jua kali. Julai na Agosti, wakati wa baridi na mawingu, hupungua. Kwa hiyo kilowati 3 mara saa 5 ni uniti 15. Ondoa kama sehemu moja ya tano inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya. Zinabaki 12. Mara shilingi 25 ni 300 kwa siku, yaani 9,000 kwa mwezi. Ile 54,000 imekwenda wapi?

Na bado. Pampu yetu ni ya wati 1,000, hufanya kazi saa 8 kwa siku. Hizo ni uniti 8 tu, thamani yake shilingi 200. Stima ambayo hakuna anayeitumia haina bei. Sheria ya Nishati ya 2019 inatambua mpango wa kurudisha stima kwenye laini, lakini ni lazima uwe na mkataba na mita yake. Bila hiyo, msiandike hata senti. Kwa hiyo faida ya kweli ni 6,000 kwa mwezi, na mkopo ulidai 10,000 kila mwezi kwa miaka miwili. Hizo 4,000 za kuongezea zingetoka mfukoni mwetu, na tukishindwa, shamba la mtu liende.

Hatukutia sahihi. Tulinunua paneli 6 kwa akiba ya chama. Ni kilowati 1.8 mara saa 5, uniti 9. Baada ya upotevu, 7 na kidogo. Betri hatukununua. Maji hupanda kwenye tangi mchana, na usiku tunafungulia bomba. Tangi ndilo betri yetu.

Sasa ile 25 tumeitoa wapi? Si kwa muuzaji. Chukueni karatasi za tokeni za miezi mitatu. Jumlisheni pesa mlizolipa, kisha uniti mlizopewa, mgawanye. Ukilipa 500 ukapata uniti 20, ni shilingi 25. Usitumie karatasi moja tu, maana bei hubadilika kwa matumizi na tozo za mwezi.

Mkija wiki ijayo leteni karatasi hizo. Na kila mmoja asome kile kibati nyuma ya mashine yake, iwe pampu au kinu cha posho, aandike wati zake. Aandike pia huwashwa kwa muda gani kwa siku, bila kukisia. Tutaanza na wale wanaotaka kukopa mwezi huu.