Karatasi ya Mzee



Mzee mmoja aliniletea ofisini karatasi ya shamba ya enzi za Wajerumani. Mimi, mtu wa shahada, sikuweza kumsomea hata neno moja. Aliondoka kimya.

Ndipo nikaanza Kijerumani, hata nikafikia shahada ya pili ya lugha na fasihi. Wenzangu walicheka: “Goethe atakulisha?” Lakini Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada mengi ya Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa kale uitwao Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi.

Nilipohitimu, mzee alikuwa amekwisha fariki. Karatasi nilimsomea mwanawe. Vijana, msichelewe kama mimi.