Fedha Zetu na Kisima cha Utafutaji: Mafunzo kutoka Bonde la Semliki



Mwaka 2002 kampuni ndogo ya Heritage Oil ilichimba kisima cha Turaco katika bonde la Semliki, upande wa Uganda. Ni bonde la mto huu huu wa Semliki unaotoka Ziwa Edward, ukapita mashariki ya Beni na kumwaga maji yake Ziwa Albert. Kikafuata kisima cha pili, na mwaka 2004 cha tatu. Hicho cha tatu kilikuta gesi asilia, lakini imechanganyika na kaboni dayoksaidi nyingi mno. Haikufaa kuuzwa.

Wengi wenu, wafanyabiashara wa Butembo na Beni, mnaagiza makontena kutoka Guangzhou. Mzigo mnauona, bei mnaijua. Mnachohofia ni njia, ushuru na usalama. Lakini mwenye hisa katika kampuni ya utafutaji wa mafuta na gesi hana mzigo. Kampuni yake ina kitalu, yaani haki ya kutafuta kwa muda uliowekwa, na picha za mitetemo zinazodokeza umbo la miamba. Kama gesi ipo au haipo, ni kisima pekee kitakachosema. Na ikiwepo, bado tutauliza: ni safi? Inatosha? Itafikaje kwa mnunuzi?

Basi faida hutoka wapi? Heritage hawakukata tamaa baada ya Turaco. Mwaka 2006 walichimba kisima cha Kingfisher, kando ya Ziwa Albert, wakapata mafuta. Mwaka 2010 waliuza haki zao za Uganda kwa kampuni ya Tullow kwa takriban dola bilioni 1.45. Wakati huo hakuna pipa hata moja lililokuwa limesafirishwa kwenda sokoni. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika uzalishaji wa mafuta hayo ulitangazwa Februari 2022. Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii: kampuni ndogo hutajirika kwa kuuza kitalu kwa kampuni kubwa, mara nyingi kabla gesi au mafuta hayajauzwa.

Hata hivyo, subira inaweza kuwa ndefu. Huko Mtwara, Tanzania, kampuni ya Aminex iligundua gesi ya Ntorya mwaka 2012. Leseni ya kuiendeleza ilitolewa mwaka 2024. Kampuni isiyo na mapato hulazimika kutoa hisa mpya ili iishi, na kila inapofanya hivyo fungu la mwenye hisa wa mwanzo hupungua.

Kwetu Kivu ya Kaskazini kuna jambo zito zaidi: sheria na ridhaa ya wananchi. SOCO International ya London ilipewa Kitalu cha Tano, kilichoingia ndani ya Hifadhi ya Virunga, urithi wa dunia tangu 1979. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanaishi kwa samaki wa Ziwa Edward. Mwaka 2014, wakati wa upimaji wa mitetemo ziwani na baada ya upinzani mkali, kampuni ilikubaliana na shirika la uhifadhi la WWF kusitisha kazi. Mwaka 2015 Kanisa la Anglikana la Uingereza liliuza hisa zake katika kampuni hiyo. Kisha Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta, na Oktoba 2024 ikaifuta. Aliyeweka fedha kwa kutegemea tangazo hilo hakuhitaji kisima kikavu ili apate hasara.

Msimamo wangu ni huu. Mtaji wa duka, karo ya watoto na fedha za likelemba (upatu) zisiguse kisima cha utafutaji. Mwenye ziada ambayo yuko tayari kuipoteza yote, adai kuona mkataba wa kitalu na mwisho wake, ramani inayoonyesha mipaka ya hifadhi, hesabu za kampuni zilizokaguliwa, na jina la mbia atakayelipia kisima. Asipoonyeshwa hata kimoja, aondoke na fedha zake.

Nanyi vijana, someni jiolojia, sheria na uhasibu. Mikataba ya bonde hili inahusu ardhi yenu na ziwa lenu. Msikubali isomwe na wageni peke yao.