Kiyeyukacho Mwilini Kipimwe Hadi Mwisho Wake

Mwezi Aprili mwaka 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa idhini ya kutumiwa kwa kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mishipa ya damu iliyoziba chini ya goti. Ajabu ya kijibomba hicho ni kwamba hakikutengenezwa kwa chuma, bali kwa polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki. Nacho, baada ya kuutanua mshipa na kuushikilia kwa muda, huyeyuka kidogo kidogo mpaka kikatoweka. Habari hiyo ilistahili kupokewa kwa furaha. Hata hivyo, nyuma yake iko historia ndefu yenye mafanikio na machungu, ambayo yafaa tuitafakari sisi ambao vifaa vya namna hiyo hutufikia vikiwa vimekwisha kutengenezwa na kupimwa na wengine.

Swali letu la leo ni hili: kitu kinachopandikizwa katika mwili wa mtu aliye hai, tena kikakusudiwa kuyeyuka humo humo, hupimwaje usalama wake, na kipimo hicho kikome lini?

Vitu vya namna hii si vigeni kwetu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji mara nyingi hushonwa ndani kwa uzi ambao hakuna atakayekuja kuutoa, kwa kuwa huyeyuka wenyewe. Tusivichanganye, hata hivyo, na vile vijiti vya uzazi wa mpango ambavyo akina mama wengi huwekewa mkononi. Hivyo haviyeyuki, na muda wake ukiisha lazima vitolewe na mtaalamu.

Polima iyeyukayo ni kama mnyororo mrefu wenye pete nyingi. Maji yaliyomo mwilini huzikata pete hizo moja baada ya moja, na mwishowe hubaki asidi nyepesi. Moja ya asidi hizo, ile ya laktiki, ni ile ile itengenezwayo na misuli yetu tunapokimbia. Mwili huijua, huichoma, na kuitoa kama hewa na maji. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 1966 taarifa yao juu ya polima ya asidi ya laktiki walikuwa na matumaini makubwa, na matumaini hayo hayakuwa ya bure.

Lakini kujua mwisho wa safari si kuijua njia. Asidi ikitoka kwa kasi, ikawa nyingi, tena mahali penye damu kidogo, huweza kuzichoma tishu zinazoizunguka. Ndiyo maana kipandikizi hupimwa kwa hatua. Kwanza huwekwa pamoja na chembe hai katika vyombo vya maabara, ionekane kama zitakufa au zitaishi. Kisha hupandikizwa katika wanyama, kama vile panya na sungura, chini ya ngozi, katika msuli au katika mfupa. Baada ya majuma au miezi kadhaa tishu hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa darubini: chembe za ulinzi wa mwili zimekusanyika kiasi gani, kovu limekuwa nene kiasi gani, na je, iko nyama iliyokufa? Matokeo hulinganishwa na ya kitu kingine ambacho usalama wake umekwisha kujulikana.

Kanuni za kimataifa za ISO 10993, zilizoanza kutolewa mwaka 1992, zinataka kitu kiyeyukacho kitazamwe mwanzoni, kitazamwe kinapovunjika, na kitazamwe tena kinapokaribia kwisha. Hatua hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu tu, na baadhi ya polima hukaa mwilini zaidi ya miaka mitano. Mpimaji basi huweza kumaliza umri wa mnyama wake kabla ya kuuona mwisho wa kipandikizi chake.

Ushahidi wa jambo hilo tunao. Katika mji wa Helsinki, nchini Finland, madaktari walianza mwaka 1984 kuunga mifupa iliyovunjika kwa vijiti viyeyukavyo. Walifanya jambo la kuheshimiwa, maana waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wao, na mwaka 2000 wakatangaza hesabu yao bila kuficha. Kati ya wagonjwa 2,528, wagonjwa 108 walipata uvimbe usiotokana na vijidudu. Waliotumiwa polima ya asidi ya glikoli, ambayo huyeyuka upesi, walikuwa 107 kati ya hao, na uvimbe ulitokea kwa wastani wa majuma 11 baada ya upasuaji. Aliyetumiwa polima ya asidi ya laktiki, iyeyukayo polepole, alikuwa mmoja tu. Lakini uvimbe wake ulitokea baada ya miaka minne na zaidi.

Huko Uholanzi, madaktari wa Groningen waliwatibu wagonjwa kumi waliovunjika mfupa wa shavu, wakawawekea vibati na skrubu za polima hiyo ya polepole. Mifupa iliunga vyema. Baada ya miaka mitatu, wanne walirudi wenyewe wakiwa na uvimbe pale pale. Lau daktari angefunga daftari lake mwisho wa mwaka wa kwanza, angeandika kwamba kifaa hakina dosari. Wahenga walisema, kimya kikuu kina mshindo mkuu.

Vivyo hivyo kwa moyo. Mwezi Julai mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kijibomba cha moyo kiyeyukacho kiitwacho Absorb, kilichokadiriwa kutoweka kwa muda wa miaka mitatu hivi. Mwezi Machi mwaka 2017 mamlaka hiyo hiyo iliwaonya madaktari: katika miaka miwili, asilimia 11 ya waliowekewa walipata madhara makubwa ya moyo, ikilinganishwa na asilimia 7.9 ya waliowekewa kijibomba cha chuma. Damu iliganda ndani ya kifaa kwa asilimia 1.9, dhidi ya 0.8. Mwezi Septemba mwaka huo kampuni ya Abbott ilitangaza kusitisha mauzo yake. Wagonjwa waliofuatiliwa hadi mwaka wa tano walionyesha kwamba baada ya mwaka wa tatu hatari hiyo haikuendelea kuzidi ile ya chuma. Hatari iliyozidi, basi, ilikuwa katika miaka ile ambayo kifaa kilikuwa bado njiani kutoweka.

Ndugu wasikilizaji, hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Kampuni hiyo hiyo ya Abbott ndiyo iliyotengeneza kijibomba cha mguu tulichokitaja mwanzoni, na uzi uyeyukao umeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Tunasema kwamba kitu kiyeyukacho mwilini hakijapimwa mpaka kifuatiliwe hadi kimetoweka, na tishu zilizokizunguka zimetulia.

Hatuna budi, basi, kutimiza wajibu wetu. Mamlaka zetu za dawa na vifaa tiba ziwaulize wauzaji swali moja lililo wazi: kifaa hiki huchukua muda gani kwisha, nanyi mmewafuatilia wagonjwa kwa muda gani? Jibu la pili likiwa fupi kuliko la kwanza, kazi haijakwisha. Hospitali nazo ziandike katika daftari jina la mgonjwa, aina ya kifaa, namba yake na tarehe kilipowekwa, na daftari hilo lihifadhiwe kwa miaka, si kwa miezi. Naye mgonjwa aambiwe kwa lugha anayoielewa ni kitu gani kimeachwa mwilini mwake, ili uvimbe ukitokea baada ya miaka minne asidhani kwamba ni ugonjwa mpya, wala daktari atakayemwona asihangaike kubahatisha.

Mwananchi anayelala juu ya kitanda cha upasuaji huukabidhi mwili wake kwa watu asiowajua. Imani hiyo haiyeyuki kwa mwaka mmoja. Na ulinzi wake nao usikome kwa mwaka mmoja.