Mwalimu Asiyebadili Lugha: Elimu Masafa na Vifaa vya Kidijitali Mkoani Mara



Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa tamko linalojulikana hadi leo kama Azimio la Musoma. Vyuoni azimio hilo hukumbukwa zaidi kwa kipengele kimoja, yaani kile kilichowataka vijana waliomaliza kidato cha sita waende kazini kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Wapo wazee wanaolizungumzia jambo hilo kwa shukrani, na wapo wanaolizungumzia kwa kinyongo. Hata hivyo, kipengele kilichogusa watu wengi zaidi kilikuwa kingine. Lengo la kumpatia kila mtoto elimu ya msingi, ambalo awali lilipangwa kufikiwa mwaka 1989, lilivutwa karibu hadi Novemba 1977. Serikali ilijipa miaka mitatu kufanya kazi iliyokuwa imetengewa kumi na mitano.

Watoto walikuwapo, walimu ndio hawakuwapo, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwaandaa kwa wakati. Ndipo kuanzia mwaka 1976 ulipoanzishwa mpango wa kuwafundisha walimu wakiwa kazini, kwa njia ya elimu masafa. Vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa, wakapangiwa shule, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu iliyobaki. Masomo yaliwafikia kwa vitabu vya posta na kwa vipindi vya redio. Katika kata palikuwa na mkufunzi aliyewakusanya, akawasahihishia kazi na kuwatembelea darasani. Baada ya takriban miaka mitatu walikwenda chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani wa mwisho. Hadi mpango ulipofikia ukingoni katikati ya miaka ya 1980, walioandikishwa walikuwa takriban 45,000, na waliofuzu walizidi 35,000.

Jamii haikuwapokea walimu hawa kwa heshima iliyowastahili. Kifupi cha UPE, kilichotokana na jina la Kiingereza la mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kilifasiriwa upya mitaani kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". (Miaka thelathini baadaye, walimu wengine walioandaliwa haraka waliitwa "Voda Fasta", jina lililoazimwa kutoka huduma ya kuongeza salio la simu. Kiswahili hakikosi neno la kumsuta mwalimu aliyepita njia ya mkato.) Tathmini zilizofanyika baadaye, ukiwamo utafiti wa Mählck na Temu wa mwaka 1989 uliowalinganisha na wenzao waliosomea chuoni, hazikuiunga mkono dharau hiyo kwa kiasi ambacho utani ule ungemfanya mtu atarajie.

Swali la kiisimu linalozaliwa hapa halijaulizwa vya kutosha. Iliwezekanaje kijana wa darasa la saba, aliyekaa kijijini bila maktaba, bila umeme na mara nyingi bila mtu wa kumuuliza kwa siku kadhaa, asome peke yake akaelewa? Majibu ya kawaida hutaja ari ya kisiasa, nidhamu ya chama na bidii ya wakufunzi wa kata. Yote hayo yana uzito. Lakini lipo jibu lililo karibu zaidi ambalo hupitwa kwa sababu linaonekana la kawaida mno: vitabu vile na vipindi vile vilikuwa katika Kiswahili, lugha ileile ambayo kijana huyo aliisomea shuleni na ambayo angeifundishia kesho yake asubuhi. Anayesoma peke yake hana msaada mwingine zaidi ya lugha ya kitabu. Lugha hiyo ikimkatalia, hakuna mlango wa pili wa kuingilia.

Mhadhara huu unaichukua hoja hiyo na kuipeleka katika vifaa vya kidijitali vinavyotumika leo katika shule za Musoma, Bunda na Butiama, na kwa kiasi kikubwa katika shule za Tanzania nzima.

Mabadiliko ya vifaa hayahitaji maelezo marefu. Nyaya za mawasiliano za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukaipeleka intaneti mikoani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo mjini Musoma, kilihama hatua kwa hatua kutoka vitabu vilivyochapwa kwenda masomo ya mtandaoni. Taasisi ya Elimu Tanzania iliweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni hadi wanafunzi waliporejea mwezi Juni. Kisha yakaja mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, yanayomtaka mwalimu ajisomee moduli kwenye mfumo wa kielektroniki na kukutana na wenzake katika jumuiya za ujifunzaji. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Neno "kishikwambi" lenyewe, ambalo miaka michache kabla lilikuwa mali ya wanaistilahi, lilipata wasemaji pale kifaa chenyewe kilipofika mikononi mwao. Hilo ni funzo kwa wanaotunga istilahi na kuzihifadhi kabatini.

Kuhusu umeme unaokatika, bando linaloisha kabla ya video kumalizika, na kishikwambi kimoja kinachozungukwa na walimu wanne, mengi yameandikwa na yataendelea kuandikwa. Hayo ni matatizo ya kweli, ila ni ya aina inayopungua fedha zikipatikana. Tatizo la lugha halipunguzwi na fedha peke yake.

Chukua darasa la kidato cha kwanza katika shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Mwanafunzi amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua kwamba mmea hutengeneza chakula chake kwa msaada wa mwanga wa jua, na jina la tendo hilo, usanisinuru, amelikuta kitabuni. Anapoingia sekondari, tendo lilelile linamjia kwa jina la Kigiriki lililopitia Kiingereza, likiwa ndani ya sentensi ambazo viunganishi vyake tu vinampa taabu. Mwalimu anafanya nini? Anasoma sentensi kama ilivyo kitabuni, anaiandika ubaoni, kisha anawageukia wanafunzi: "Yaani hapa maana yake ni kwamba..." Kinachofuata ni Kiswahili. Anaeleza, anauliza, anatania kidogo, anatoa mfano wa mihogo ya shambani au dagaa wanaoanikwa ufukweni, kisha anarudi kwenye Kiingereza ili waandike.

Wanaisimu huita tendo hili ubadilishaji msimbo, na hapa Tanzania limechunguzwa kwa miongo kadhaa. Tangu ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilipoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubebea masomo, hadi kazi za Casmir Rubagumya, Martha Qorro na wenzao, picha imebaki ileile: Kiingereza ndicho lugha ya sera na ya mtihani, na Kiswahili ndicho lugha ya kuelewa. Wakaguzi wa zamani waliuona ubadilishaji huu kuwa kosa. Kwa kweli ndio uliozuia jengo lisianguke.

Somo lililorekodiwa halibadili msimbo. Mwalimu aliye kwenye kioo hawaoni wanafunzi wa Bunda wakikunja nyuso, hasemi "yaani". Husema alichoandikiwa, kwa Kiingereza safi, mpaka mwisho. Kwa hiyo, kila somo la sekondari linapohamishwa kutoka kinywani mwa mwalimu kwenda kwenye video au moduli ya Kiingereza, kinachohamishwa ni ile nusu ya mafunzo iliyo katika lugha ya sera. Nusu iliyokuwa inaeleweka inabaki nyuma, na kwa kuwa haikuwahi kuandikwa popote, hakuna anayegundua kwamba imepotea. Aghalabu matokeo yakiwa mabaya, lawama huenda kwa mtandao.

Watetezi wa vifaa hivi wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba video hurudiwa: mwanafunzi asiyeelewa mara ya kwanza ataelewa mara ya tano. Jibu hili linafaa pale ugumu ulipo katika dhana. Ugumu ukiwa katika lugha, kuirudia sentensi mara kumi huifanya izoeleke sikioni, na mazoea hayo mwanafunzi huweza kuyadhania kuwa ni uelewa. Hatari ya kukariri, ambayo elimu masafa ya miaka ya 1970 ililaumiwa kwayo, inarudi hapa kwa nguvu zaidi.

Jibu la pili ni zito na halistahili kupuuzwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu zinazojibu maswali kwa Kiswahili, zile ambazo wengine huziita akili mnemba, wengine akili unde na wengine akili bandia. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kuinakili aya ya Kiingereza na kuomba aelezwe kwa Kiswahili. Je, mashine haijajifunza kusema "yaani"? Kwa kiasi fulani imejifunza, na mwanaisimu anayekana hilo hajaijaribu. Lakini yapo mambo mawili. Kwanza, mashine hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi ya sayansi kwa Kiswahili ni machache na hayakubaliani. Mwanafunzi anaweza kupewa leo usanisinuru, kesho neno la Kiingereza lililovishwa irabu mwishoni, na keshokutwa maelezo marefu yasiyo na istilahi. Utatu wa majina ya teknolojia yenyewe ni ushahidi wa kutosha. Pili, hata akielewa barabara, atafanya mtihani kwa Kiingereza. Ujuzi alioupata hauna mahali pa kuuonyesha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kukitumia Kiswahili katika ngazi zote, lakini Kiingereza kimeendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Hakuna programu itakayolitatua jambo ambalo watunga sera wameliacha.

Mkoa wa Mara unaongeza ugumu mwingine ambao Dar es Salaam si rahisi kuuona. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama, ambaye lugha yake ilikuwa Kizanaki, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Shuleni ndiko alikojifunza Kiswahili na kisha Kiingereza, na ndiye aliyekuja kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963. Safari ya lugha tatu aliyoipita Julius Nyerere bado ni ya watoto wengi wa mkoa huo. Kijita, Kikwaya, Kikuria, Kizanaki, Kisimbiti, Kiikizu, Kingoreme na Kinata husemwa katika eneo dogo, na Kiluo, kisicho cha Kibantu, kiko jirani. Baadhi ya lugha hizi, Kizanaki na Kikuria zikiwamo, zina irabu saba, nazo hupata taabu kuandikwa kwa kibodi ya simu iliyotengenezewa irabu tano. Kikuria hakina sauti ya "l". Msemaji wake akisema Kiswahili, "r" huchukua nafasi hiyo. Mwalimu wa darasani analisikia "kurara" na kuendelea na somo. Programu ya kutambua sauti, isipofunzwa kwa sauti za watu wa Tarime au Butiama, itaandika kitu kingine na kumwachia mtoto aamini kwamba aliyekosea ni yeye.

Kazi inayowangoja wanafunzi wa isimu inaonekana hapa. Makusanyo makubwa ya matini za Kiswahili yaliyopo, kama lile la Helsinki, yamejengwa hasa juu ya magazeti, vitabu na nyaraka. Kiswahili ambacho walimu wa fizikia, baiolojia na jiografia hukitumia wanapoiacha sentensi ya kitabu na kuanza kufafanua hakimo humo. Ni rejesta ya kitaaluma iliyokomaa kwa zaidi ya nusu karne bila kuandikwa. Ina istilahi zake zilizojaribiwa mbele ya wanafunzi halisi, ina mifano yake, na ina njia zake za kujenga hoja. Masomo ya mtandaoni yakihitaji lugha ya kuelezea, na kamusi za sayansi zikihitaji kujua ni istilahi ipi iliyoshika, mahali pa kutafuta ni huko.

Kuikusanya hakuhitaji maabara. Kinasa sauti kimo tayari ndani ya kishikwambi kilicho juu ya meza ya mwalimu. Kinachohitajika zaidi ni ridhaa ya mwalimu mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi ameambiwa kwamba Kiswahili chake darasani ni kosa la kufichwa mkaguzi anapoingia. Ridhaa ya shule na ya wazazi. Na mwanafunzi wa uzamili atakayekubali kukaa dawati la nyuma, Bunda au Butiama, kwa muhula mzima.