DAMU, MBOGA NA VIDONGE VYA BEI KALI
Maneno ya Kamati ya Afya mbele ya wanachama wa mashamba ya chai, Kericho na Bomet



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo jina lake ni gumu kulitamka, lakini limeanza kula mishahara ya watu wetu. Jina hilo ni homosisteini.

Mwanachama mmoja, mchuma chai wa miaka mingi, alitujia na karatasi ya maabara. Alikuwa amepimwa damu kwa fedha yake mwenyewe, akaambiwa homosisteini yake ni 19, na kwamba iliyo sawa haizidi 15. Hapo hapo akauziwa chupa mbili za vidonge kwa bei iliyokaribia nusu ya mshahara wake wa mwezi, akaahidiwa kwamba akivimeza hatapatwa na ugonjwa wa moyo kamwe. Alitaka tumkopeshe fedha ya chupa ya tatu. Hatukumkopesha, na alituona wabaya. Leo tunaeleza sababu.

Mtu akila nyama, maziwa au maharagwe, mwili huvivunja vyakula hivyo, na katika kazi hiyo hutokea homosisteini. Si sumu iliyoingia kutoka nje. Ni kama majani mabichi yaliyochumwa: hayana budi kusonga mbele mpaka kiwandani, kwa maana yakilala ndani ya magunia yanashika moto na kuharibika. Wanaoisukuma homosisteini mbele ni vitamini tatu: foleti, B12 na B6. Mmoja akikosa kufika kazini, mzigo unarundikana. Basi kipimo kikiwa juu, mara nyingi ni dalili kwamba chakula kimepungukiwa. Yaweza pia kuwa figo hazifanyi kazi vizuri, au tezi ya shingo imelegea. Sigara huipandisha, na pombe kali vile vile; wanaokunywa chang'aa usiku na kula ugali mtupu asubuhi wasijifanye hawatusikii.

Habari ya moyo ilianza mwaka 1969, daktari mmoja wa Marekani, Kilmer McCully, alipoona kwamba watoto waliozaliwa na homosisteini nyingi mno walikuwa na mishipa ya damu iliyoharibika kama ya wazee. Akafikiri huenda na watu wazima wanaumizwa hivyo. Lilikuwa wazo zuri, na watu walilijaribu. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya majaribio makubwa mawili, moja la Norway na jingine lililoongozwa kutoka Kanada, ambayo maelfu ya wagonjwa walipewa vidonge vya vitamini hizi. Homosisteini ilishuka kweli. Mishtuko ya moyo haikupungua. Ni kweli kwamba huko China, mwaka 2015, watu zaidi ya 20,000 wenye shinikizo la damu walijaribiwa, na waliopewa asidi foliki pamoja na dawa ya shinikizo walipata kiharusi kwa uchache zaidi kuliko waliopewa dawa ya shinikizo peke yake. Lakini angalieni: hao walikuwa na shinikizo na walikunywa dawa yake, tena unga wao haukuongezwa vitamini. Kwa hiyo yule ndugu yetu tulimpeleka kliniki apimwe shinikizo la damu na figo. Hakuna chupa ya sokoni iwezayo kumhakikishia moyo wake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatutaki mtu alichezee, nalo ni mama mjamzito.

Mwaka 1928 daktari mwanamke wa Uingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuwaangalia wanawake wa viwanda vya nguo. Walikuwa wafanya kazi kama sisi, chakula chao duni, na wakishika mimba damu yao ilipungua hata wengine wakafa. Aligundua kwamba walipona wakipewa Marmite, ule uji mweusi wa chachu ya pombe, na mwaka 1931 akaitangaza habari hiyo. Kitu kilichowaponya hakikuwa na jina lake la leo mpaka mwaka 1941, wataalamu wa Texas walipokikamua kutoka tani nne za mchicha, wakakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Ndiyo foleti. Sisi tunaoishi kwa kuchuma jani tusingepaswa kuikosa.

Uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 za kwanza, kabla mama wengi hawajajua kwamba wana mimba. Foleti ikikosekana wakati huo, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Jaribio lililotangazwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba asidi foliki iliyoanzwa kabla ya mimba huzuia sehemu kubwa ya balaa hiyo. Kliniki za serikali hutoa kidonge cha chuma na foliki kwa wajawazito, lakini mama akingoja mpaka tumbo lionekane, mgongo umekwisha fungika, au umekwisha kosa. Anayetazamia mtoto na aulize mapema. Na wenye zamu wasimnyime ruhusa. Mjumbe wa tawi aletewe habari siku hiyo hiyo.

Chakula chenyewe kipo mlangoni. Sageti, ambayo Wagusii huita chinsaga na Wajaluo dek, managu, kunde, sukuma wiki. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa hutoa karibu nusu ya foleti ya siku nzima. Lakini mboga ikichemshwa saa nzima na maji yake yakamwagwa, foleti imemwagwa pia. Tunajua sageti ina uchungu. Ipikwe na maziwa kama mama zetu walivyofanya, maji yawe machache. B12 haimo katika mboga. Imo katika maziwa, mayai, nyama na omena. Vikombe viwili vikubwa vya maziwa, au mursik, hukaribia haja ya siku.

Tena kuna unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imetaka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe foliki, chuma na vitamini nyingine. Unga wa kinu cha mtaani hauongezwi. Hatusemi muache kinu, bei tunaijua. Anayesaga mahindi yake na azidishe mboga. Ndiyo maana tawi limeweka kwanza, katika mambo ya kuzungumza na wenye mashamba, vipande vya ardhi vya mboga karibu na nyumba.

Wazee, na wale wa kisukari wanaokunywa metformin, waombe kupimwa B12. Foliki nyingi peke yake yaweza kuisitiri upungufu huo huku mishipa ya fahamu ikiendelea kufa, miguu ikaanza ganzi.

Mama mmoja ametuuliza kabla hatujaketi kama chai yenyewe haina foleti, maana ni jani. Inayo kidogo, haitoshi kuitegemea. Na ikinywewa pamoja na chakula, chai huzuia chuma cha mboga na maharagwe kuingia mwilini. Mwenye upungufu wa damu angoje saa moja baada ya kula, ndipo anywe.