Kupokea Kazi Iliyopendwa Baada ya Mwenyewe Kuanguka
Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia na wafadhili



Tumeombwa tuzungumzie makabidhiano: kazi inayopendwa na watu inapoachwa na kiongozi wake kwa aibu, anayeipokea anapokea nini hasa? Tumechukua mfano wa mbali, Marekani, ili asiwepo atakayeona anasemwa yeye.

Huduma ya televisheni ya PTL iliongozwa na mhubiri Jim Bakker. Huko Fort Mill, Carolina Kusini, ilijenga Heritage USA, mahali pa ibada na mapumziko palipotembelewa na mamilioni ya watu. Machi 1987 Bakker alijiuzulu, baada ya kufichuka kwamba mwanamke mmoja alilipwa fedha ili anyamaze kuhusu yaliyotokea kati yao. Huduma ikakabidhiwa kwa Jerry Falwell, mhubiri wa Kibaptisti.

Falwell alipokea jina kubwa na watazamaji wengi. Alipokea pia madeni ya makumi ya mamilioni ya dola. Lakini mzigo tunaotaka muutazame vizuri ni ahadi. Waumini, wengi wao watu wa kipato cha kawaida, walikuwa wametoa dola 1,000 au zaidi kila mmoja, wakiahidiwa kulala bure siku tatu kila mwaka, maisha yao yote. Kwa hoteli ya Heritage Grand ilitangazwa kwamba nafasi ni 25,000 tu. Zikauzwa zaidi ya 66,000. Kwa hoteli ya pili, ambayo haikukamilika, zilitangazwa 30,000 zikauzwa zaidi ya 68,000. Jumla ya fedha zilizokusanywa kwa njia hiyo ilifika dola milioni 158. Mama aliyetoa akiba yake hakuwa amesaini mkataba na Falwell, lakini kuanzia siku ile mlango wa kubisha hodi ulikuwa wa Falwell.

Juni 1987 uongozi mpya uliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Wengi hukumbuka zaidi picha ya Septemba, Falwell akiteleza majini na suti yake kwa kuwa aliahidi hivyo michango ikifikia lengo. Sisi tunaona lile la Juni, lisilo na picha, ndilo lililokuwa na uzito: vitabu vilifunguliwa mbele ya hakimu.

Hata hivyo hakudumu. Bakker alidai hadharani kwamba amenyang'anywa huduma, na wapenzi wake wengi walimwamini. Tena Falwell alitoka katika mapokeo tofauti na yao. Oktoba 1987 yeye na bodi yake walijiuzulu. Mwaka 1989 Bakker alihukumiwa miaka 45 jela kwa udanganyifu. Adhabu ilipunguzwa baadaye, akatoka 1994.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza fomu ya makabidhiano ya miradi iwe na ukurasa wa ahadi, mbali na ule wa fedha na mali: nani aliahidiwa nini, na nani, lini, na kama alishalipa. Anayeondoka asaini, na kama hapatikani, mhasibu na wajumbe wawili wa kamati waujaze kutokana na stakabadhi. Nakala moja ibandikwe mahali waumini wanapoweza kuisoma.

Tunakaribisha maswali.