MKOPO WA UPEPO HULIPWA NA NANI?

Ndugu wafanyakazi wa Kerio,

Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Marsabit, imesimama mitambo 365 ya kufanya umeme kwa upepo. Sehemu kubwa ya fedha zake ni mikopo ya mabenki, iliyotiwa sahihi mwaka 2014. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini waya wa kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ulimalizika Septemba 2018. Kwa mkataba, ucheleweshaji huo ulilipiwa fidia ya mabilioni ya shilingi. Mzigo ulifika mpaka kwa mnunuzi wa umeme.

Mitambo ya jua imekwisha fika Kalobeyei. Siku ikifika kwetu, tuulize kwanza: kazi ikichelewa, nani atalipa? Mlipaji deni ana haki ya kuusoma mkataba.

Umoja ni nguvu.